Ukimya wa kompyuta ya michezo hauuzwi kwenye sanduku la feni

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

WAFANYABIASHARA wanaounganisha kompyuta za mezani kwa ajili ya michezo wana sababu ya kuipitia upya hesabu yao ya feni. Kifaa hicho ni miongoni mwa vya bei ndogo kabisa ndani ya mashine, lakini ndicho mteja anachokisikia kwanza anapobonyeza swichi. Mashine ikivuma kama jenereta, mteja hatasifu kadi ya picha aliyolipia fedha nyingi. Atairudisha dukani, na nauli, muda wa fundi na faida ya muuzaji vitakwenda na safari hiyo.

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Barabara ya Luthuli, Nairobi, kama ilivyo katika masoko ya nje, feni za kasha huuzwa kwa sifa tatu: jina la kampuni, taa za rangi na neno "kimya" lililoandikwa kwenye sanduku. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kumhakikishia mnunuzi ukimya. Kinacholeta ukimya ni feni kuzunguka polepole, na ili feni izunguke polepole bila mashine kuchemka, mambo mengine matatu yanatakiwa: kasha linalopitisha hewa, ukubwa na idadi ya kutosha ya feni, na waya unaoruhusu bodi mama kuongoza mwendo wake.

Mfanyabiashara anayeelewa hesabu hiyo anaweza kuuza mashine tulivu kwa fedha kidogo. Asiyeielewa anaweza kutumia mara tatu na bado akaletewa malalamiko.

MWENDO NDIO KELELE

Wahandisi wa feni wana kanuni chache ambazo hazibadiliki kwa jina la kampuni. Feni ile ile ikiongezewa mwendo mara mbili, hewa inayosukuma huongezeka mara mbili, shinikizo lake huongezeka mara nne, na umeme inaotumia huongezeka mara nane. Kelele nayo hupanda kwa takriban desibeli 15. Kwa sikio la binadamu, ongezeko la desibeli 10 husikika kama kelele iliyozidi mara mbili, kwa hiyo 15 si jambo dogo.

Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kwa mwendo ule ule huongeza desibeli 3 tu.

Tuchukue mfano. Kasha lina feni mbili zinazozunguka mara 1,800 kwa dakika. Mfanyabiashara anaweka feni nne za aina hiyo hiyo, kisha anapunguza mwendo hadi mizunguko 900. Jumla ya hewa inabaki karibu ile ile. Kuongeza idadi kumeleta desibeli 3, kupunguza mwendo kumeondoa desibeli 15, na matokeo ni pungufu ya desibeli 12. Umeme unaotumika nao umeshuka hadi robo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Kasha lenye feni sita laweza kuwa tulivu kuliko lenye feni mbili, na laweza vile vile kuwa na kelele maradufu. Tofauti ni kama feni hizo zinaongozwa au zimeachwa zikimbie kwa nguvu zote muda wote.

HEWA KIASI GANI INATOSHA?

Zipo kompyuta zinazowekewa feni nyingi kuliko joto lake, na zipo zinazopungukiwa. Hesabu ya haraka ni hii: chukua wati za mashine ikiwa kazini, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi za joto unazokubali hewa ipande inapopita ndani ya kasha. Jibu ni mita za ujazo za hewa zinazohitajika kwa saa.

Kadi ya RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 imewekewa kiwango cha wati 115. Prosesa ya daraja la kati kama Ryzen 5 7600 inaruhusiwa kufika wati 88. Jumla ni kama wati 200. Tukikubali hewa ipande nyuzi 10, tunahitaji mita za ujazo 60 kwa saa.

Feni ya Arctic P12 PWM ya sentimeta 12, kwa takwimu za kampuni yenyewe, husukuma mita za ujazo 95.7 kwa saa ikiwa kwenye mizunguko 1,800. Kwa nusu ya mwendo huo ni kama 48. Takwimu hizo hupimwa bila kizuizi mbele ya feni. Tukichukua tahadhari kwamba chujio la vumbi na wavu wa kasha vinakula nusu ya hewa, feni moja inabaki na 24. Feni tatu za mbele zinatoa 72, nazo zinatosha kwa mashine hiyo zikiwa kwenye nusu tu ya uwezo wake. Feni ya nne huwekwa nyuma kutoa hewa ya moto.

Kwa mashine kubwa hesabu hubadilika. RTX 5090 ya mwaka 2025 peke yake imewekewa wati 575. Ikiungana na prosesa yake, mashine hukaribia wati 700 na kuhitaji zaidi ya mita za ujazo 200 kwa saa. Hapo feni nne za sentimeta 12 kwa mwendo mdogo hazitoshi, na mteja aelezwe mapema kwamba mashine ya namna hiyo haiwezi kuwa kimya kama ile ya kwanza.

KASHA KWANZA, FENI BAADAYE

Shilingi ya kwanza ya ukimya inapaswa kwenda kwenye kasha. Kasha lenye kioo kizima mbele na vitundu vichache pembeni huzilazimisha feni kuvuta hewa kwa shida. Joto likipanda, bodi mama huongeza mwendo, na kelele hupanda nao. Feni ya bei mbaya kabisa haiwezi kuvuta hewa mahali pasipo na njia.

Kasha lenye wavu mbele huonekana la kawaida zaidi dukani, lakini linafanya kazi. Kampuni ya Fractal Design ya Sweden ilitoa kasha la Torrent mwaka 2021 likiwa na feni mbili za milimita 180 kila moja mbele, na uso wake wote uko wazi kwa hewa. Si kila mteja atamudu kasha hilo, ila mantiki yake inafaa kuigwa hata kwenye makasha ya bei ya chini: uwazi mkubwa, feni kubwa, mwendo mdogo.

Lipo jaribio rahisi lisilo na gharama. Endesha mchezo mzito kwa dakika 20 na uandike joto la kadi ya picha. Kisha ondoa ubao wa mbele wa kasha na urudie. Joto likishuka kwa nyuzi kadhaa au feni zikipunguza mwendo zenyewe, kasoro ni ya kasha. Kubadilisha feni katika hali hiyo ni kutupa fedha.

Kuhusu ukubwa, feni ya milimita 140 ina eneo kubwa kuliko ya 120 kwa asilimia 36. Inasukuma hewa ile ile kwa mwendo mdogo zaidi. Kama kasha linazikubali, zipewe nafasi ya kwanza. Mnunuzi apime kabla ya kulipa, kwani matundu ya skrubu ya feni ya 120 yako umbali wa milimita 105 na ya 140 yako umbali wa milimita 124.5. Feni za milimita 80 zina mapanga mafupi na hulazimika kukimbia sana, hivyo hazina nafasi katika mashine inayouzwa kwa sifa ya utulivu.

WAYA NNE NA MTEGO WA TAA

Feni ya kasha huja na soketi ya waya tatu, waya nne, au soketi kubwa inayochomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai. Hii ya mwisho hupewa volti 12 wakati wote na hukimbia kwa nguvu zote hata mteja akiandika barua. Yenye waya tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguza volti, iwapo bodi mama inaruhusu. Yenye waya nne, inayojulikana kama PWM, hupokea amri ya mwendo kupitia waya wa nne na ndiyo inayoongozwa vizuri zaidi katika mwendo mdogo.

Wanunuzi wa jumla wawe waangalifu na seti za feni za taa zenye soketi ya pini sita inayoingia kwenye kisanduku chake chenyewe. Nyingi ya seti hizo haziunganishwi na bodi mama kwa upande wa mwendo. Rimoti hubadilisha rangi ya taa, lakini feni hukimbia kwa kasi ile ile usiku na mchana. Kabla ya kununua katoni nzima, fungua seti moja na uhakikishe kuna waya wa kuongoza mwendo.

Aidha, taa zenyewe ni za aina mbili: za volti 5 zenye pini tatu na za volti 12 zenye pini nne. Taa za volti 5 zikilazimishwa kwenye soketi ya volti 12 huungua. Fundi mgeni akifanya kosa hilo, hasara ni ya mwenye duka.

Soketi moja ya feni kwenye bodi mama kwa kawaida hutoa ampia 1. Feni inayotumia ampia 0.15 yaweza kugawanywa hadi sita kwenye soketi hiyo, lakini hakutabaki akiba ya maana kwa ule umeme wa ziada unaovutwa feni zinapoanza kuzunguka. Feni tatu au nne ni salama zaidi. Zikizidi hapo, tumia kisanduku cha kugawa kinachochukua umeme kutoka pawa saplai na amri kutoka bodi mama.

Kazi ya mwisho ni kupanga mwendo ndani ya Bios, na mara nyingi husahaulika. Utaratibu unaofaa ni feni kubaki karibu na asilimia 30 hadi 40 mashine ikiwa katika kazi nyepesi, kupanda taratibu kuanzia nyuzi 60, na kufika nguvu zote pale tu joto linapokaribia kikomo. Kikomo hicho kwa Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 ni nyuzi 95, na kwa Ryzen 7 7800X3D ni nyuzi 89. Weka pia ucheleweshaji wa sekunde chache ili feni zisipande na kushuka kila prosesa inaposhtuka. Sauti isiyobadilika husahaulika haraka, lakini ile inayopanda na kushuka humchosha mtu.

Bodi mama nyingi huongoza feni kwa kufuata joto la prosesa pekee, ilhali katika michezo joto kubwa hutoka kwenye kadi ya picha. Programu ya Fan Control, inayopatikana bure kwa Windows, huweza kuzifanya feni za kasha zifuate joto la kadi.

BEI: UNALIPIA NINI?

Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ilitoa feni ya NF-A12x25 mwaka 2018 kwa bei ya dola 29.90. Nafasi kati ya mapanga na fremu yake ni nusu milimita tu, kazi inayotaka plastiki ngumu isiyotanuka kwa miaka. Kampuni huipa udhamini wa miaka 6. Kwa upande wa pili, Arctic imekuwa ikiuza P12 katika pakiti ya tano ambayo kwa miaka mingi, katika masoko ya Ulaya na Marekani, bei yake ilikaribia ile ya feni moja ya Noctua.

Je, feni ya kwanza ina ubora mara tano? Katika mashine ya wati 200 yenye kasha la wavu, ambamo feni zinazunguka chini ya mara 1,000 kwa dakika, wateja wengi hawataisikia tofauti wakiwa wamekaa mezani. Feni nne za dola 30 ni dola 120. Pakiti ya tano ikipatikana kwa dola 35, zinabaki dola 85 za kuongezea kwenye kasha au kadi ya picha. Kwa muuzaji mwenye mtaji mdogo, huo ndio uamuzi wenye tija.

Feni ya bei kubwa inastahili pale ambapo hewa inapita kwa shida, kama kwenye rejeta ya maji au kasha dogo, na kwa mteja anayerekodi sauti chumba kimoja na mashine. Vile vile baadhi ya feni za bei nafuu hutoa mvumo katika mwendo fulani mahususi. Fundi asikilize mashine ikipanda polepole kutoka mwendo wa chini hadi wa juu, na akiukuta mvumo huo, apange Bios iuruke.

Desibeli zilizoandikwa kwenye masanduku zisilinganishwe kati ya kampuni na kampuni. Kampuni moja huandika desibeli, nyingine hutumia kipimo cha soni, na umbali wa kupimia hautajwi kila mara. Ulinganisho wa haki ni kuziweka feni mbili kwenye kiwango kimoja cha kelele na kuangalia ipi inaipoza zaidi mashine.

Beringi nazo zina maana kibiashara. Beringi ya kawaida ya kichupa huanza ikiwa kimya, lakini mafuta yake hukauka mapema kwenye joto, na huchakaa haraka feni ikilazwa juu ya kasha. Beringi ya mafuta yenye shinikizo hudumu zaidi. Saa 150,000 zinazotajwa na baadhi ya kampuni ni miaka 17 bila kuzimwa. Huo ni wastani wa makadirio, na haimaanishi kwamba kila feni itafika huko. Udhamini nao una thamani pale tu aliyekuuzia anapokubali kuipokea feni mbovu.

JOTO LA PWANI, HEWA YA MILIMANI

Vipimo vingi vinavyochapishwa Ulaya hufanyika katika chumba cha nyuzi 20 au zaidi kidogo. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 30. Joto la vifaa hupanda karibu nyuzi kwa nyuzi na joto la chumba, kwa hiyo kadi iliyopimwa nyuzi 68 huko ikae ikitarajiwa kufika 78 hapa kwa mwendo ule ule wa feni. Muuzaji wa pwani aongeze feni moja kuliko kielelezo cha Ulaya.

Nairobi ina unafuu wa ubaridi, ila iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15. Feni husukuma ujazo ule ule lakini hewa hiyo hubeba joto pungufu ya inavyopaswa. Faida na hasara hizo mbili karibu hufidiana.

Vumbi ni tatizo la pande zote. Feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, ili hewa iingie kupitia vichujio badala ya kunyonywa kwenye mianya. Vichujio visafishwe mara kwa mara. Wakati wa kupuliza vumbi, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, maana beringi huumia.

USHURU NA MIZIGO

Waagizaji wengi hudhani feni itapita forodhani kama kipuri cha kompyuta. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, vipuri vya kompyuta viko chini ya namba 8473, lakini feni ina namba yake yenyewe, 8414, na kanuni zinataka kifaa chenye namba yake kiandikwe kwa namba hiyo. Viwango vya ushuru vyaweza kutofautiana. Muulize wakala wa forodha kabla ya mzigo kuondoka, na bei ya rejareja ipangwe baada ya jibu lake.

Usafirishaji wa ndege hutoza kwa uzito au ujazo, wowote utakaokuwa mkubwa, na kampuni nyingi hugawanya sentimeta za ujazo kwa 6,000 au 5,000. Feni tupu ya 120 ni sentimeta za ujazo 360 tu, lakini sanduku lake la urembo laweza kuwa kubwa mara tatu au nne. Pakiti ya tano katika sanduku moja hupunguza hewa unayoisafirisha.

KUMBI ZA MICHEZO

Mwekezaji mdogo anayetaka kufungua ukumbi wa michezo ya kompyuta ana sababu zaidi ya kuwa makini. Mashine kumi zinazofanana katika chumba kimoja huongeza desibeli 10 juu ya mashine moja, yaani kelele mara mbili kwa sikio. Joto nalo hujumlishwa: mashine kumi za wati 200 ni wati 2,000 ndani ya chumba, sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka. Hakuna feni ya kasha inayoliondoa joto hilo chumbani. Fungu la kwanza liende kwenye dirisha, feni ya kutoa hewa nje au kiyoyozi, kabla ya kufikiria feni za dola 30.

Kabla ya kulipia shehena yoyote, mnunuzi aulize maswali manne. Je, feni ina waya nne? Je, mwendo wake unaongozwa na bodi mama? Je, kasha lina wavu mbele na chujio linalotoka kwa urahisi? Je, muuzaji anakubali kurudishiwa yenye mvumo? Muuzaji akijibu ndiyo kwa yote manne, hata feni isiyo na jina kubwa itauzika. Akisitasita kwenye la pili, mnunuzi aiache shehena hiyo hapo ilipo, hata kama taa zake zinavutia namna gani.